Barua ya wazi kwa Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule: Warudishieni watoto Ijumaa yao

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu wapendwa,

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za kazi.

Alhamisi iliyopita mwanangu wa darasa la nne alirudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne, kaichomeka ndani ya daftari la hisabati. Ilikuwa na mambo matatu. Kuanzia muhula ujao vipindi viwili vya mwisho vya Ijumaa, ambavyo watoto wamezoea kuviita vya uwanjani, vitakuwa vya mazoezi ya mitihani kwa madarasa yote ya juu. Tangazo la mvua la Jumatatu mstarini linaondolewa ili kuokoa muda. Na siku za majira, yaani siku ya michezo, siku ya kivuli na maonyesho ya kufunga shule, zimesitishwa hadi itakapotangazwa vingine. Niliisoma mara tatu, nikamuuliza mtoto anaonaje. Alinijibu kwa maneno mawili tu: "Na chupa?"

Naomba nianze na chupa hiyo, maana huenda baadhi ya wajumbe wa kamati hawajapata kuiona. Imefungwa kwenye nguzo upande wa bustani, mbali na paa na mbali na matawi. Ni chupa ya plastiki iliyokatwa juu, kichwa chake kikageuzwa na kuingizwa ndani kama faneli. Chini wametia kokoto, wakamimina maji hadi kwenye mstari wa wino ulioandikwa sifuri, kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde na bila hivyo kipimo kingedanganya. Ubavuni wamebandika rula. Kila asubuhi saa moja na nusu wanafunzi wawili wa zamu huenda kuisoma. Mmoja anainama hadi jicho lake lilingane na maji, anataja namba, mwenzake anaandika, kisha wanapunguza maji hadi yarudi kwenye sifuri. Jumatatu, mmoja wao husimama mbele ya shule nzima na kutangaza mvua ya wiki iliyopita.

Mwanangu ana kigugumizi. Mwaka jana zamu ilipomfikia alikaa siku nne akifanya mazoezi mbele ya kabati la nyumbani, neno "milimita" likimkwama kila mara. Niliomba ruhusa kazini, nikaja nikasimama nyuma ya mstari siku hiyo. Likamkwama kweli. Alisimama pale na karatasi yake, midomo ikitetemeka, na shule nzima ikanyamaza ikimsubiri. Hakuna aliyecheka. Nimefikiri sana juu ya ukimya ule, na naamini sababu yake ni kwamba kila mtoto pale mstarini alijua zamu yake nayo itafika. Akalitoa neno, akamaliza, akarudi kwenye mstari. Tangu siku hiyo ananyoosha mkono darasani. Mwalimu wake ndiye aliyeniambia.

Tangazo lile huchukua muda usiozidi dakika mbili. Sijui dakika mbili hizo zikiokolewa zitapelekwa wapi penye faida kubwa kuliko hiyo.

Tena chupa haikuishia mstarini. Mwalimu wa hisabati aliichukua akaiingiza darasani. Aliwaambia watoto kwamba mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta moja ya mraba huleta lita 1 kamili ya maji. Wakatoka na kamba, wakapima sehemu inayofunikwa na paa la darasa lao: meta 8 kwa 6, sawa na meta za mraba 48. Wiki ile kulikuwa na siku moja iliyoleta milimita 25. Wakazidisha, wakapata lita 1,200. Hapo mwalimu akauliza hizo ni ndoo ngapi za lita 20, na darasa zima likapiga kelele: sitini! Jioni mwanangu alifika nyumbani hata viatu hajavua, anatafuta kamba ya kupimia paa letu. Eneo, ujazo, kuzidisha, kugawanya: hayo yote yamo kwenye mtihani mnaouhofia, na waliyapata nje, wakiwa na matope miguuni.

Hofu yenu naielewa, na sitaki kuidharau. Matokeo ya mitihani huandikwa, hulinganishwa, na lawama humwangukia mwalimu. Wazazi wenzangu nao husukuma. Nimekaa kwenye mikutano nikasikia mzazi akiuliza mbona shule jirani wana vipindi vya ziada na sisi tunawaacha watoto wakimbie uwanjani. Kwa hiyo uamuzi huu haukutoka hewani, na sehemu ya mzigo ni yetu sisi wazazi. Lakini naona tumeshika dawa isiyo ya ugonjwa huu.

Angalieni saa yenyewe. Vipindi viwili vya mwisho vya Ijumaa ndivyo vibovu kuliko vyote kwa kukalisha watoto na karatasi. Wamekaa madawatini siku tano, vichwa vimejaa, macho yako dirishani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe kwa miaka, aliandika mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau haraka alichojifunza, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku nyingi hushinda marudio yaliyorundikwa mahali pamoja. Watafiti waliomfuata wamelithibitisha jambo hilo mara nyingi. Mkitaka mazoezi ya mitihani yawasaidie watoto, watawanyieni dakika kumi kumi mwanzoni mwa vipindi vya wiki nzima. Kuyarundika Ijumaa alasiri ni kuwachosha bure.

Na kucheza kwenyewe hakupunguzi masomo. Nchini Finland, ambako matokeo ya shule yamekuwa yakitajwa kwa sifa kwa miaka mingi, saa ya shule imepangwa hivi: dakika 45 za kufundishwa, zinazobaki ni za kupumzika, na watoto wadogo huzitumia nje. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa msimamo mwaka 2013 kwamba mapumziko ni sehemu ya lazima ya siku ya mtoto shuleni, na kwamba asinyimwe mapumziko hayo kwa sababu ya adhabu wala kwa sababu ya masomo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili hasa, hadi pumzi ipande. Mtoto wa shule yetu anayekaa mbali na uwanja wowote, anayefika nyumbani jioni na kufungiwa ndani kwa usalama wake, dakika hizo atazipata wapi kama si kwenu?

Halafu kuna ile ahadi ambayo karibu nchi zote duniani zimeitia saini. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, una Ibara ya 31 inayotambua haki ya mtoto kupumzika, kucheza, kuburudika na kushiriki utamaduni na sanaa. Mwaka 2013 kamati inayousimamia mkataba huo ilitoa maelezo marefu juu ya ibara hiyo moja tu, kwa sababu iliona haipewi uzito unaostahili. Na tangu mwaka 2024 tarehe 11 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Nimeyataja haya kwa sababu kwenye mkutano wetu uliopita kucheza kuliitwa "ziada". Siyo ziada. Kumeandikwa kwenye mkataba uleule ulioandika haki ya kwenda shule.

Sasa niseme juu ya wiki yenyewe, maana hapo ndipo penye uchungu wangu mkubwa.

Sisi watu wazima tuna tarehe, mishahara, mikutano. Mtoto mdogo wiki yake ina alama chache, na alama hizo ndizo zinazomwamsha asubuhi. Binti yangu wa darasa la kwanza hajui vizuri kutaja siku kwa mfuatano, lakini anajua Jumatano ni siku ya kusomewa. Siku hiyo wakubwa wa darasa la tano huingia darasani kwao, kila mkubwa anachukua mdogo wake mmoja, wanakaa sakafuni mgongo ukutani, wanafungua kitabu. Amepewa msomaji wake, msichana mrefu mwenye sauti ya chini, na mwaka mzima ni huyohuyo. Siku msomaji huyo alipougua, binti yangu alirudi nyumbani akaniambia kitabu kimeachwa katikati na sungura bado yuko ndani ya kisima. Wiki nzima tuliishi na sungura kisimani. Jumatano iliyofuata alikuwa wa kwanza kuamka nyumba nzima.

Jumatano hamkuigusa, nawashukuru. Lakini nawaomba mwone kwamba Ijumaa inafanya kazi ileile. Ijumaa vipindi viwili vya mwisho, ubao wa vitendawili ukishafunuliwa, kila darasa linalo jibu lake mkononi. Kitendawili kinabandikwa Jumatatu, wiki nzima watoto wanakibeba, wanawauliza mabibi zao, wanabishana njiani. Ijumaa mwalimu wa zamu anasema "Kitendawili!" na uwanja mzima unaitikia "Tega!" Baada ya hapo ni makundi: wa kuruka kamba, wa mpira, wa kuchora, wa ngoma, na wale wachache wanaokaa chini ya mti na bao. Kila mtoto kachagua mwenyewe. Nimehesabu, siku niliyokuja kusaidia kushika kamba, nikaona hakuna mtoto hata mmoja aliyesimama peke yake ukutani. Wazazi mnaonisoma mnajua ni nadra kiasi gani.

Mambo ya majira nayo yana uzito wake, ingawa yanakuja mara chache. Nitataja moja tu kwa kirefu, siku ya kivuli, kwa sababu kwenye karatasi yenu imetajwa kwa neno moja na kufutwa kwa neno moja.

Mara nne kwa mwaka watoto husimamisha fimbo ya meta moja katikati ya uwanja: Machi na Septemba, mchana na usiku vinapokaribia kulingana duniani kote, na Juni na Desemba, jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini na ya kusini. Kila nusu saa wanaweka kokoto iliyopakwa rangi kwenye ncha ya kivuli. Juni kokoto zilijipinda kama upinde. Septemba mwanangu na wenzake wakaweka kokoto za buluu, na walipomaliza wakarudi nyuma kutazama: zimejipanga mstari mnyoofu. Wakadhani wamekosea. Wakachukua kamba, wakaivuta toka kokoto ya kwanza hadi ya mwisho, na kamba ikapita juu ya zote. Mwalimu hakuwaambia kitu mapema. Ndivyo inavyokuwa kila mahali siku hizo mbili za mwaka, kwamba ncha ya kivuli hutembea mstari ulionyooka, lakini wao walilipata jambo hilo kwa kamba na mikono yao. Mwanangu alinieleza kwa kutumia vijiko mezani. Alikuwa akigugumiza kwa furaha, na hakujali kabisa.

Siku ya namna hiyo huwezi kuihamishia Jumamosi wala kuirudia wiki ijayo. Jua halingoji muhula wa pili. Mkiifuta Machi, imekwenda.

Hata hivyo nisipoyasema na mabaya nitakuwa sijawatendea haki. Yako mambo katika siku hizi ambayo sisi wazazi tumeyavumilia na hayafai kurudi jinsi yalivyokuwa.

Siku ya michezo imekuwa ya watoto wachache. Walewale watano hukimbia, walewale hupewa zawadi, na mamia waliobaki wanakaa juani wakipiga makofi. Hotuba za wageni ndizo zinazokula asubuhi yote. Mwaka juzi nilimwona mtoto wa darasa la pili amelala usingizi juu ya mabega ya mwenzake kabla mbio ya kwanza haijaanza. Nawaomba hotuba ziwe moja, tena fupi, na ije mwishoni. Mbio ziwe zaidi za kupokezana vijiti, ambapo muda wa darasa zima ndio unaohesabiwa, na kuvuta kamba, na mbio za magunia, ambako mwenye nguvu na asiye na nguvu wote wanaanguka na kuinuka. Watoto wenyewe washike saa na waandike matokeo. Na yule anayetembelea magongo, au asiyeona vizuri, aulizwe yeye anataka kushiriki vipi, maana hadi sasa amekuwa akipewa kiti kivulini na kuambiwa atazame.

Pili, michango na fulana maalumu. Nawajua watoto waliobaki nyumbani siku ya michezo kwa kuwa fulana haikununuliwa. Mzazi akiona aibu, mtoto anaambiwa anaumwa. Sare ya shule inatosha kukimbilia. Ufungwe mlango huu kabisa: kushiriki kusiwe na malipo ya aina yoyote.

Tatu, taarifa. Maonyesho ya mwisho wa muhula tuliarifiwa zikiwa zimebaki siku mbili. Mzazi anayefanya kazi ya zamu hawezi kubadili zamu kwa siku mbili, na mtoto wake anasimama jukwaani akitafuta uso usiokuwepo. Mpange tarehe zote mwanzoni mwa muhula, kwenye ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo na nakala iende nyumbani. Ikibidi kubadili tarehe, mtoto aambiwe na sababu yake.

La nne linaniuma zaidi. Muhula huu kuna watoto walioachwa darasani Ijumaa wakinakili maandishi ubaoni, wenzao wakiwa uwanjani, kwa kosa la kutomaliza kazi za nyumbani. Mtoto wa jirani yangu alinakili Ijumaa tatu mfululizo. Huyu ni mtoto anayelea wadogo zake jioni, na nyumbani kwao taa huzimwa mapema. Saa moja ya kuwa mtoto aliyokuwa nayo katika wiki ndiyo aliyonyang'anywa. Mkataba niliotaja unasema, katika Ibara ya 28, kwamba nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Walimu, najua mna madarasa yenye watoto wengi kupita kiasi na mmechoka, lakini tafuteni adhabu nyingine, au afadhali, mumuulize kwanza kwa nini kazi haikwisha.

Sasa maombi yangu, ambayo wazazi kadhaa tuliozungumza nao wanayaunga mkono.

Vipindi viwili vya Ijumaa virudi kwa madarasa yote. Kwa darasa linalofanya mtihani wa mwisho, kama kamati inaona hakuna njia nyingine, kichukuliwe kimoja, katika muhula wa mwisho pekee, na cha pili wabaki nacho. Hao ndio wenye hofu kubwa kuliko wote na ndio wanaohitaji kukimbia. Tangazo la mvua la Jumatatu libaki. Siku za kivuli zifanyike kwa tarehe zake. Siku ya michezo na maonyesho yaendelee kwa marekebisho niliyoyataja.

Na kabla ya kikao kijacho, waulizeni watoto. Ibara ya 12 ya mkataba uleule inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo yapewe uzito. Hakuna jambo linalowahusu zaidi ya hili. Shule ina viranja. Wapite madarasani na daftari, waandike wenzao wanataka nini kibaki na nini kiondoke. Huenda wakatushangaza. Huenda wakasema maonyesho yanawachosha na bustani ndiyo wanayoitaka. Basi tuwasikilize na kwa hilo.

Najua mtaniuliza nani atasimamia, walimu wakiwa wachache. Mimi naweza kuja Jumatano kusikiliza wasomaji, na Ijumaa moja kila mwezi kushika kamba. Nimezungumza na wazazi wengine sita. Mmoja ni fundi seremala na yuko tayari kutengeneza fimbo ya kivuli yenye kitako kizuri isiyoyumba na upepo, mwingine alikuwa mcheza mpira na anataka kundi la wasichana. Mtupe orodha, mtupangie, na mwalimu wa zamu awe juu yetu.

Jana nilipita shuleni kumlipia mtoto daftari, nikazunguka hadi kwenye ile nguzo. Chupa imejaa karibu na mdomo. Tangu karatasi ile itoke hakuna aliyepangwa zamu, na mvua mbili kubwa zimenyesha moja juu ya nyingine, kwa hiyo namba iliyopo pale haisemi tena ni mvua ya siku gani. Sikuigusa, maana si kazi yangu. Naomba siku ya kwanza ya muhula mpya, saa moja na nusu asubuhi, wapangwe watoto wawili waende na daftari lao, wapunguze maji hadi kwenye mstari wa wino, waandike tarehe na sifuri.

Wenu katika malezi,
Mzazi wa wanafunzi wawili, darasa la kwanza na darasa la nne